Uzi: Mzee wangu alipika miti usiku, asubuhi akaenda kuitembelea

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi huu ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimya kimya, sitamlaumu.

Baba yangu tumemzika wiki tatu zilizopita. Msibani ukasomwa wasifu wake: kazaliwa, kasoma, kaajiriwa kiwanda cha karatasi akiwa na miaka 22, kastaafu baada ya miaka 34, kaacha mjane, watoto wanne na wajukuu. Dakika tatu hazikuisha, karatasi ikakunjwa ikarudi mfukoni. Msomaji hakukosea hata neno moja. Ila nilikaa pale najiuliza huyo anayesemwa ni nani, maana mzee niliyemjua mimi alikuwa na matope kwenye buti na ndoana imechomekwa kwenye kofia.

Kwa hiyo hapa naandika wasifu wa pili. Nitauweka vipande vipande kadiri nitakavyopata nafasi.

Nianze na kazi, maana bila kazi yake hamtanielewa mbele. Mzee alikuwa anapika miti. Sitanii. Magogo yanamenywa magome, yanakatwakatwa vipande vidogo vidogo, vinaingizwa kwenye chungu cha chuma kirefu kama ghorofa. Vinamwagiwa maji yenye magadi makali na salfa, vinachemshwa kwa mvuke hadi nyuzi joto kama 170, saa kadhaa. Mti una gundi yake ya asili inayoshikilia nyuzi pamoja, wataalamu wanaiita lignini. Yale maji yanaiyeyusha, nyuzi zinabaki. Mzee akituelezea alikuwa anasema mti ni kamba zilizoganda, yeye kazi yake ni kuzigandua.

Baadaye akahamishiwa kwenye mashine ya karatasi yenyewe, na huko ndiko alikomalizia. Rojo linafika pale likiwa maji zaidi ya asilimia 99. Linamwagwa juu ya wavu unaokimbia, maji yanachuja, linakamuliwa katikati ya magurudumu mazito, linazungushwa kwenye mapipa ya chuma yenye mvuke ndani, na upande wa pili inatoka karatasi kavu. Safari nzima haifiki dakika moja. Sasa ole wenu ikatike katikati. King'ora kinalia, watu wanaingia kuvuta mabaki kwenye joto la tanuri, halafu unakatwa mkanda mwembamba wa karatasi na kupitishwa upya kutoka pipa hadi pipa mpaka ushike, ndipo unapanuliwa tena. Mzee alikuwa fundi wa huo mkanda. Kidole chake cha shahada cha kulia hakikuwa na kucha, na hakuwahi kutuambia vizuri kucha ilikwenda wapi. Kila mtoto alipewa hadithi yake. Mimi niliambiwa kambale.

Naendelea baadaye.

#2
Pole sana mkuu. Shusha vitu, tupo.

#3
Hiyo ya kambale imenimaliza. Nimeweka kambi hapa.

#4 Mleta uzi
Asanteni wakuu. Naendelea.

Nyumbani kwetu mtawala alikuwa kalenda. Ilitundikwa jikoni, na mzee aliipaka rangi mwenyewe kila mwanzo wa mwaka: njano zamu ya asubuhi, kijani zamu ya mchana, bluu zamu ya usiku. Mashine ya karatasi haizimwi jioni ikawashwa asubuhi kama redio, kwa hiyo lazima kuwe na mtu hapo saa zote 24, sikukuu na siku za kawaida. Siku ya kuzaliwa ya mdogo wangu wa mwisho tuliisherehekea saa kumi na mbili asubuhi miaka miwili mfululizo, mzee akiwa bado na alama ya kofia ngumu kwenye paji la uso.

Wiki za bluu watoto tuliishi kama wezi. Baba kalala mchana, dirisha limezibwa na karatasi nzito ya kahawia, na anayeangusha kijiko anatazamwa na bi mkubwa mpaka anajuta. Tukajitungia lugha ya mikono. Kidole kwenye kidevu ni "mama anakuita". Viganja viwili kufungua na kufunga ni "mlango". Tulikuwa na maneno kama 60, tunagombana na kupatana bila sauti. Kumbukeni hii lugha ya mikono, nitairudia.

Sasa ile asubuhi ya mwisho ya zamu za usiku, mtu wa kawaida anarudi nyumbani anaanguka kitandani. Mzee alikuwa anafika alfajiri, anavua buti za kazi, anavaa buti za porini, anasimama mlangoni kwetu anasema, "Nikilala sasa nitaamka siku imeshaliwa. Nani anakuja?" Anayetaka anaamka, asiyetaka haulizwi mara ya pili. Tunakwenda mtoni.

Kuna siku nakumbuka nilikuwa na miaka saba au nane. Tumefika, kuna ubaridi, anataka kuwasha moto. Akatoa gazeti kuukuu kwenye begi akanipa. Chana. Nikachana kwa upana, likaenda upogo, likaharibika. Akaligeuza. Chana tena. Safari hii likachanika mstari umenyooka kama limekatwa na rula, toka juu mpaka chini. Nikadhani uchawi. Akaniambia karatasi inakumbuka ilikokimbilia. Pale kwenye wavu nyuzi nyingi zinalala kufuata mwendo wa mashine, na hata ikikauka, ikapigwa chapa, ikasomwa, ikasahauliwa, bado zimelala vilevile. Ukichana kwa kuzifuata zinakupisha, ukizikata njia zinakupinga. Jaribuni wenyewe na gazeti lolote. Mimi mpaka leo siwezi kufungua bahasha bila kwanza kutafuta imelalia wapi.

Halafu kuni. Hakuokota hata kijiti kimoja kilicholala chini. Cha chini kimekunywa maji, alisema. Tafuta tawi lililokufa likiwa bado linaning'inia kwenye mti, upepo umeshalikausha kwa ajili yako. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na moto uliwaka.

#5
Mkuu swali nje ya mada kidogo. Niliwahi kupita karibu na kiwanda cha karatasi, ile harufu jamani. Mlikuwa mnaishije?

#6 Mleta uzi
Hahaha mkuu, halipo nje ya mada, hilo ndilo lililokuwa manukato ya baba yangu.

Ni ile salfa. Njia hiyo ya kupika aliigundua Mjerumani mmoja, Carl Dahl, kule Danzig mwaka 1879, na karatasi yake ikawa imara kuliko zote, ndiyo maana ikaitwa "kraft", yaani nguvu kwa Kijerumani. Mzee alizipenda sana hadithi za namna hiyo. Aliyopenda zaidi ni ya ndugu wawili wa Uingereza, Fourdrinier, waliomwaga mali yao yote kuiboresha mashine aliyoibuni Mfaransa Louis-Nicolas Robert miaka ya 1790. Mashine ikafaulu, wao wakafilisika mwaka 1810, na hadi leo mashine inaitwa kwa jina lao. Kila mtu nyumbani akitaka kuanzisha biashara, mzee anauliza tu, "Kama kina Fourdrinier?"

Turudi kwenye harufu. Salfa ikipikwa na mti inatoa gesi zinazonuka kama mayai viza yaliyochanganywa na kabichi iliyochacha, na pua ya binadamu inazinasa hata zikiwa kidogo mno. Nguo zake zilifuliwa peke yake. Shuleni nilishaambiwa nanuka baba. Yeye mwenyewe pua ilishazoea, alikuwa hanusi chochote kiwandani, lakini tukiwa porini anasimama ghafla anasema mvua inakuja, ananusa udongo. Na kweli inakuja.

#7
Samahani, siyo kwa ubaya, pole kwa msiba. Lakini naona utata hapa. Mtu anapenda miti, halafu kazi yake maisha yote ni kuichemsha? Hiyo si sawa na mchinjaji mwenye mapenzi na ng'ombe?

#8 Mleta uzi
Mkuu, wala sijakasirika. Swali hilo kaka yangu alimuuliza mzee uso kwa uso akiwa na miaka 16, umri wa kujua kila kitu. Tulikuwa tunavua. Niwaambie kwanza kwamba mtoni kulikuwa na sheria mbili: kivuli chako kisiguse maji, na usitembee kama unatwanga. Samaki ana mstari ubavuni, kila upande, ambao unahisi mtikisiko wa maji. Mzee alikuwa anasema samaki anasikia kwa mbavu. Sasa kaka akavunja zote mbili, akasimama wima, sauti juu, anataka jibu.

Mzee hakugeuka. Akasema miti inayoingia pale mingi imepandwa ili ivunwe, kama shamba lingine lolote, na vipande vingine ni makombo ya viwanda vya mbao. Akasema, "Na hilo daftari ulilomwandikia yule binti barua, unadhani liliota?" Kaka akanywea, maana hakujua kama barua inajulikana.

Tukadhani imeisha. Baada ya muda mrefu, tena alikuwa ameshabadilisha chambo, akasema, "Lakini shamba la miti si msitu. Ukitaka kujua tofauti kaa ndani yake alfajiri usikilize."

Hapo ndipo nilipokuwa nakuja. Mzee alikuwa mtu wa ndege. Siyo wa darubini na vitabu, hakuwahi kumiliki darubini. Alikuwa mtu wa kusikia. Alikuwa anasema zamu ya usiku inamlipa mara mbili, mara ya pili ni pale anapotoka getini alfajiri na ndege ndiyo wanaanza. Anaweka begi chini, anavua kofia, anasimama. Wenzake wakimpita walidhani anasali.

Nilipokuwa na miaka kama 11 akaanza kusema ndege wamepungua. Mwaka uliofuata tena, wamepungua sana, hasa wale wadogo. Akawalaumu waliofyeka kando ya mto, akalaumu dawa za mashambani, akalaumu mpaka kiwanda. Siku moja tumekaa kwenye gogo, yeye anasema unaona sasa, hata mmoja, kimya kabisa. Na mimi juu ya kichwa changu kandege kadogo ka kahawia kanapiga filimbi kama kamelipwa.

Nikasema, "Baba, yule pale anaimba."

Aliangalia nilikoonyesha. Akamwona. Akaona mdomo unafunguka na kufunga, koo linatetemeka. Alimtazama muda mrefu sana yule ndege. Kisha akasema "sawa," akafunga begi, tukarudi nyumbani mapema.

#9
Nimefanya kazi kitengo cha masikio miaka mingi, ngoja niwasaidie wasioelewa kilichotokea hapo. Kelele za mashine haziui sikio lote kwa mkupuo. Zinaanza na sauti nyembamba, kwenye eneo la hezi 4,000 hivi. Mtu anasikia injini, ngurumo, mlango ukibamizwa, kwa hiyo anaapa yuko mzima. Kinachoondoka kwanza ni ndege, nyenje, na zile herufi za s na f kwenye maneno, ndiyo maana wanalalamika watu siku hizi wananong'ona. Kiwango kinachoshauriwa ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Vinyweleo vya ndani ya sikio la binadamu vikifa havioti tena. Hakuna dawa.

Hakuwa anavaa vizibo?

#10 Mleta uzi
Asante sana mkuu, umeieleza vizuri kuliko daktari aliyempima.

Vizibo alikuwa navyo. Miaka ya mwanzo havikuwepo, baadaye vikaletwa, na yeye akawa anavitoa. Sababu yake ndiyo inayonichoma. Alikuwa anavitoa ili aisikilize mashine. Beringi ikikaribia kufa inaanza kuimba kabla haijapata joto, na mzee alikuwa anaisikia kabla ya kipimo chochote. Zamu nzima ilimtegemea. Wenzake walimwita sikio. Alilitumia mpaka likaisha.

Baada ya ile siku ya gogo hakuzungumza kitu. Ila safari iliyofuata aliniamsha mimi. Hakusema "nani anakuja", alinigusa bega. Tulipofika akakaa, akanigeukia, akafanya ile alama ya mkono ya nyumbani ya "kuna nini?" Ile tuliyoitunga watoto ili tusimwamshe! Sikujua hata kama anaijua. Kumbe muda wote tuliodhani kalala alikuwa anatusoma mlangoni.

Basi nikawa sikio lake. Kidole juu, anaimba. Kiganja, upande gani. Mawimbi ya mkono, sauti inapanda na kushuka namna gani. Yeye anatazama mkono wangu anataja jina la ndege, na karibu kila mara akimtafuta kwa macho ndiye huyo huyo. Alikuwa anasikia kwa kumbukumbu, mimi namchezea tu santuri kwa vidole. Kofia kavua, kaiweka magotini.

Hii ilikwenda kama miaka minne. Sasa wakuu naomba mnivumilie, sijawahi kulisema hili popote.

Mwaka wa mwisho nilikuwa na miaka 15 na nimechoka. Nasikia baridi, nina marafiki, nina mambo yangu. Nikaanza kudanganya. Hakuna ndege, mimi nanyoosha kidole. Nazungusha mkono ovyo, yeye anafikiri, anataja jina, anatabasamu, nami nahesabu dakika turudi. Kuna mchana mmoja mvua ilikuwa inanyesha, hakuna kiumbe kinachotoa sauti msitu mzima, nami nimejikunyata chini ya mti. Nikanyoosha kidole, nikamchezea wimbo mrefu hewani, wa yule kandege ka kahawia. Mzee alisimama pale kwenye mvua akisikiliza kitu ambacho hakipo. Muda wote ule. Baada ya hapo nikawa nakataa kwenda, na yeye hakuuliza mara ya pili, si mnajua sheria yake.

Siku ya mazishi niliangalia lile jeneza nikawa nawaza mvua ile tu.

#11
Dada, pole. Lakini mzee alijua. Mtu anayesikia beringi inayokufa hadanganywi na mtoto wa miaka 15.

#12
Mimi naona hakujua, na ni heri hivyo. Ulimpa ndege siku ambayo hakukuwa na ndege. Usichimbe zaidi.

#13
Watu wanajibu kana kwamba walikuwepo. Si umuulize mama yako? Bado yupo.

#14 Mleta uzi
Mkuu #13, nilikutukana moyoni, halafu nikapiga simu.

Bi mkubwa alinyamaza kidogo, nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka. Kicheko chake sijakisikia tangu msibani. Akaniuliza, "Yule wa kwenye mvua?"

Anasema mzee siku ile aliingia jikoni amelowa, akasimama mbele ya ile kalenda, akamwambia, "Leo binti yako kanisikilizia ndege wa alfajiri saa tisa mchana." Yule kandege, kumbe, akishamaliza asubuhi yake hafungui mdomo tena, na kwenye mvua ndiyo kabisa. Bi mkubwa akakasirika, akataka kuniita. Mzee akamkataza. Akamwambia, "Wimbo aliukumbuka wote, hakuruka hata mahali pamoja."

Mama akamvua koti akalikamua. Kofia ilikuwa ndani ya koti, kavu. Kichwa ndicho kilichokuwa kimelowa.